Tafakari ya juma: Wimbo aliousikia Sauli

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, kamwene. Poleni na baridi, huku Ilula asubuhi ya leo hata kushika bomba la maji ilikuwa kazi, naandika hii nimekaa jikoni karibu na jiko la mkaa kwa hiyo mkiona herufi zimerukwa msishangae.

Neno letu ni Samweli wa Kwanza sura ya 18, mstari wa 6 mpaka wa 16, ila mwenye nafasi aanze sura ya 9 aende mpaka ya 31. Nasema hivyo sababu Sauli tumezoea kumsoma kwa kipande, tunamkuta ameshaharibika, anarusha mkuki, na sisi haraka haraka tunahamia upande wa Daudi tunasema amina. Hamna anayekaa upande wa Sauli. Mimi wiki hii nimejikuta nimekaa huko, nitasema kwa nini huko mbele.

Jamani Sauli alianza vizuri. Kijana wa Kishi, Mbenyamini, katumwa na baba yake akatafute punda waliopotea, yaani mtu anatoka nyumbani kufuata punda anarudi kapakwa mafuta ya ufalme. Kwa urefu aliwapita watu wote kuanzia mabegani. Siku ya kupigiwa kura kule Mispa wanamtafuta hawamwoni, kumbe kajificha kwenye mizigo, mtu mrefu kuliko wote kajibanza nyuma ya mizigo! Wako waliomdharau pale pale wasimletee hata zawadi, akanyamaza. Halafu Nahashi Mwamoni akaja kuwazingira watu wa Yabesh-Gileadi, akataka kuwang'oa kila mmoja jicho la kuume. Habari zikamkuta Sauli anatoka shambani nyuma ya ng'ombe zake (mfalme huyo, na bado analima), akakusanya watu akaenda akawaokoa. Watu wakataka sasa wale waliomdharau wauawe, yeye akasema leo hauawi mtu. Ukiishia hapo sura ya 11 unaweza kabisa kumpa mtoto wako jina la Sauli.

Hao watu wa Yabeshi msiwasahau, tutawarudia.

Kule kujificha kwenye mizigo wahubiri wengi wanaita unyenyekevu, na nabii Samweli aliyempaka mafuta baadaye anamkumbusha enzi zile alipokuwa mdogo machoni pake mwenyewe, kwa hiyo sikatai. Ila nikisoma naona na kitu kingine, huyu mtu anaogopa macho ya watu. Leo macho yanamfanya ajifiche, kesho yanamfanya ajikweze, na ni macho yale yale. Sura ya 13 anatoa sadaka ambayo si kazi yake kuitoa, sababu watu wameanza kutawanyika. Sura ya 15 kaambiwa aangamize vya Waamaleki vyote, anambakiza mfalme Agagi na kondoo walionona, na kabla Samweli hajamfikia tayari kashajisimamishia ukumbusho wake kule Karmeli. Akibanwa anasema niliwaogopa watu. Na akishaambiwa kwamba ufalme umeondoka, ombi lake ni nini? Nimekosa, lakini niheshimu mbele ya wazee. Hapo mimi nilifunga Biblia nikaenda kumimina chai.

Sasa wimbo. Daudi ameshamuua Goliathi kwenye bonde la Ela, jeshi linarudi, wanawake wanatoka miji yote na matari wanacheza, na mstari wa 6 unasema wazi kabisa wametoka kumlaki mfalme Sauli. Kumlaki Sauli, si Daudi. Wakaimba "Sauli amewaua elfu zake, na Daudi makumi elfu yake." Mfalme akakasirika sana, akasema Daudi wamempa makumi elfu mimi wamenipa elfu tu, sasa kimebaki nini asipewe isipokuwa ufalme?

Lakini angalieni mashairi ya Kiebrania yanavyotembea. Mstari wa pili unaushika wa kwanza unaupandisha, wa kwanza ukisema elfu wa pili unasema makumi elfu, ndo mwendo wake. Zaburi ya 91, ambayo nusu yetu humu tunalala nayo kila usiku, inasema watu elfu wataanguka ubavuni pako na kumi elfu mkono wako wa kuume. Hivi kuna mtu alishawahi kusimama akasema mkono wa kuume umependelewa, ubavu umeonewa? Mika sura ya 6 nako ni hivyo hivyo, kondoo maelfu, mito ya mafuta makumi elfu. Ni uimbaji. Mama zetu kwenye sherehe wakishachangamka si wanapandisha hivyo hivyo, mmoja anaanza mwingine anazidisha? Inawezekana kabisa wale kina mama walikuwa wanawasifu wote wawili kwa pumzi moja, na aliyetoa kalkuleta ni mfalme peke yake. Sawa, hata kule Gathi kwa Wafilisti wimbo ulifika na watu wakauelewa kwamba Daudi ni mkubwa, kwa hiyo labda Sauli hakukosea asilimia mia. Ila siku ile alitoka kupokelewa kwa ngoma, akarudi nyumbani na namba.

"Sauli akamwonea Daudi wivu tangu siku ile", mstari wa 9.

Kuanzia hapo fuateni mkuki. Sura ya 18 anao mkononi, Daudi anampigia kinubi, anaurusha. Sura ya 19 anaurusha tena. Sura ya 20 anamrushia Yonathani, mwanawe wa kumzaa, kisa kamtetea Daudi. Sura ya 22 kakaa chini ya mti pale Gibea, mkuki mkononi, anawalalamikia watumishi wake kwamba hakuna hata mmoja anayemsikitikia, na habari hiyo inaishia na makuhani 85 wa Nobu kuuawa kwa mkono wa Doegi Mwedomi. Sura ya 26 amelala usingizi, na mkuki umechomekwa ardhini hapo hapo kichwani. Hata usingizini jamani.

Na msidhani hakujuta. Pangoni Engedi, Daudi alimpata kaingia kujisaidia, akamkata upindo wa vazi akamwacha, Sauli alipojua akalia kwa sauti akasema wewe una haki kuliko mimi. Yale machozi mimi nayaamini. Ila sura mbili mbele yupo tena porini na watu elfu tatu anamsaka yule yule. Alililia alichokifanya, zile namba akaziacha zibaki kichwani.

Yonathani naye alikuwepo, wimbo uliimbwa na yeye yupo. Yeye ndo alikuwa na cha kupoteza maana kiti kilikuwa kinakuja kwake, na kabla hata ya huo wimbo alishavua vazi lake akampa Daudi, na upanga, na upinde, na mshipi. Huyu anahitaji juma lake peke yake, tumwache.

Haya, mimi sasa. Nalima nyanya, ekari moja na nusu, miaka mingi wengi wenu mnajua. Kuna kijana shamba lake linapakana na langu, nilimfundisha mwenyewe, kitalu, kufunga nyanya kwenye miti, kuutambua ukungu mapema. Msimu uliopita akapakia matenga 60 kwenye fuso, mimi 22. Wale kina mama wanaochambua nyanya pale barabarani wakasema, kwa kucheka tu, leo mwanafunzi kampita mwalimu. Ukitulia ukalisikiliza neno lile na mimi nimo, maana wameniita mwalimu. Mimi nilichosikia ni 60 na 22. Nimeenda nazo nyumbani, nimekula nazo, nimekuja nazo mpaka kwenye ibada.

Wiki tatu zilizopita nikaona kantangaze shambani kwangu. Wanaolima mnanielewa, ile michoro michoro myeupe kwenye jani, ndani kuna kifunza kinakula, ukichelewa kinaingia mpaka kwenye tunda. Iliwahi kunila msimu mzima nikabaki na miti mitupu, kwa hiyo siku hizi sichezi nayo. Nikatega mabeseni ya maji ya sabuni, juu naning'iniza taa usiku, nikakata majani yaliyoliwa nikayachoma, nikabadilisha dawa. Nikipita kwa kijana naona michoro ile ile, tena kwake imeshashuka mpaka majani ya chini, na yeye anahangaika na dawa ya ukungu. Anadhani ni ukungu! Nikamsalimia, nikamuuliza mama yake anaendeleaje, nikapita. Kesho yake nikapita. Siku nne nimepita hapo wapendwa, namwona kabisa anapiga bomba mgongoni dawa ambayo haimsaidii chochote. Mkono wangu haukurusha kitu. Mkuki wangu ulikuwa kusalimia vizuri na kunyamaza.

Na kantangaze mama yake ni kipepeo kidogo sana, kinaruka usiku, hakijui mpaka wa shamba la nani. Mimi nasafisha kwangu, kwake wanazaliana, asubuhi mabeseni yangu yamejaa wa kwake. Mke wangu ndo akaniuliza, baba hivi yule mtoto umeshamwambia? Nikamjibu nilidhani anajua. Nimemdanganya mke wangu hapa hapa jikoni nilipokaa, na jioni yake ndo nikafungua sura ya 18 kwa ajili ya kuwaandalia ninyi tafakari. Mungu naye ana namna zake.

Mwisho wa Sauli mnaujua, sitaukaza sana. Yule aliyewafukuza waaguzi kwenye nchi anajibadilisha nguo usiku anaenda kwa mwanamke mwaguzi wa Endori. Mama yule akamwonea huruma, akamchinjia ndama aliyenona ili ale, na ukisoma ni kama chakula cha mwisho alichokula akiwa ametulia. Baadaye mlima Gilboa, wanawe watatu wamekufa, Yonathani yumo, mbeba silaha anaombwa amchome anakataa kwa hofu, Sauli anauangukia upanga wake mwenyewe. Wafilisti wakamkata kichwa, mwili wakautundika kwenye ukuta wa Beth-shani.

Mtu wa Iringa hapo hawezi kupita bila kumkumbuka Mkwawa, mtemi wa Wahehe. 1898 kule Mlambalasi Wajerumani wamemzingira, akajipiga risasi asishikwe, kichwa kikakatwa kikapelekwa Ujerumani, fuvu likarudishwa 1954 na lipo Kalenga hapo. Simfananishi na Sauli kwa wivu, wazee wa Kalenga msinitafute, adui wa Mkwawa alikuja kweli na bunduki, na wa Sauli alikuwa kijana anampigia kinubi. Nasema tu kwamba sisi tunajua uzito wa kichwa cha mkubwa kutolewa kwao, kwa hiyo sura ya 31 tuisome polepole.

Maana nani alikwenda kuuteremsha ule mwili? Watu wa Yabesh-Gileadi. Walitembea usiku kucha, wakautoa ukutani pamoja na ya wanawe, wakaizika mifupa kwao, wakafunga siku saba. Wao hawakuwa na habari ya elfu wala makumi elfu, walikuwa na macho yao mawili mawili kwa sababu ya mtu yule. Na Daudi aliyewindwa miaka yote ile akatunga maombolezo, yapo Samweli wa Pili sura ya 1, na mstari wa 24 anawaambia binti za Israeli wamlilie Sauli, aliyewavika nguo nyekundu na mapambo ya dhahabu. Binti za Israeli. Nimejiuliza kama kati yao walikuwepo wale wa matari.

Mdogo wangu, najua utasoma hii, na wengine naomba msianze kuulizana ni nani. Ule si ukungu, acha kumalizia hela kwenye dawa ile. Nilijua tangu siku ya kwanza nilipopita nikakusalimia, na sikuwa nimesahau wala sikuwa na haraka. Nisamehe. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nakuja na mabeseni sita, sabuni na taa ninazo, wewe tafuta kiberiti na panga la kukatia, tuanzie upande wa chini kule kwenye mfereji. Vaa gambuti, umande ni mwingi.