Ubani wa elfu moja

Alhamisi usiku.

Kuna noti ya elfu moja ndani ya daftari langu la mazoezi, imekunjwa mara nne, na tangu Jumamosi sijaweza kuitumia wala kuikunjua. Jana dukani nilipungukiwa mia tano ya sukari, nikamwambia mwenye duka nitaileta kesho, huku daftari lenye noti liko kwapani.

Ilikuwa Jumamosi ya sita ya mazoezi ya kutembea, na safari ndefu kuliko zote mpaka sasa: Lindi mjini mpaka Mingoyo, zaidi ya kilomita 20. Nilitoka baada ya swala ya alfajiri, mgongoni begi lenye maji lita 3 na mchele kilo 5. Mchele ni wa uzito tu, nikirudi nyumbani unaliwa. Nilikuwa nimeshaipita Ngongo, jua limepanda, nikaifungua kanga niliyojifunga kiunoni nikajitanda kichwani. Lengelenge la kisigino cha kushoto lilikuwa limeanza kuchoma. Na vijana wa bodaboda walikuwa wameshanisimamia si chini ya mara saba. Dada, panda. Dada, umeishiwa nauli? Panda tu, utalipa siku nyingine. Kila mmoja nilimwambia ni mazoezi, na kila mmoja aliondoka akigeuka nyuma kuniangalia.

Ndipo nikamkuta yule bibi, chini ya mwembe, anapepeta mbaazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Msiba wapi?"

Hakuuliza kama kuna msiba. Aliuliza wapi. Namwelewa kabisa. Huku kwetu siku hizi hata kwenda kisimani mtu anapanda pikipiki, na mwanamke akionekana barabarani asubuhi, peke yake, kanga kichwani, anatembea haraka na kuchechemea, amepata habari mbaya na hakuwa na hela mfukoni. Nilitakiwa kusema hapana, bibi, hakuna msiba. Ni maneno manne tu. Lakini nilikuwa nimechoka kusema mazoezi, nikasema, "Mingoyo."

"Wa nani?"

"Shangazi."

"Poleni. Alikuwa anaumwa?"

"Hapana."

Akauweka ungo chini. Akanitazama miguu, akanitazama uso. "Na umekuja kwa miguu. Basi alikulea huyo."

"Ndiyo, bibi. Alinilea."

Akafungua pindo la kanga yake, akatoa noti, akanipa kwa mikono miwili. "Ubani wangu huo. Waambie umetoka kwa bibi wa njiani."

Nikaupokea. Hapo ndipo nakwama kila usiku. Uongo wa kwanza naweza kuusemea, ulinitoka kwa uchovu. Lakini kati ya kufungua pindo na kunipa palikuwa na muda, maana fundo lilikuwa limekaza na vidole vyake vina baridi yabisi, alihangaika nalo. Nilisimama pale nikimwangalia anahangaika. Ningeweza kusema wakati ule, na sikusema. Nilinyoosha mkono.

Wiki yenyewe imekuwa na mambo. Wifi kajifungua Jumatatu, mtoto wa kike, wote wazima. Mkuu wetu wa shule kahamishwa, na mimi nimeachiwa rundo la mitihani ya utamilifu ya darasa la saba. Nimesahihisha, nimekwenda hospitali na uji, nimerudi. Lakini nikishika kalamu nyekundu namsikia: basi alikulea huyo.

Na ndiyo maneno ya kweli pekee yaliyosemwa chini ya ule mwembe. Wasomaji wangu wa zamani mnamjua Shangazi wa Masasi, aliyenichukua nikiwa na miaka minne. Yu hai. Juzi tu alikuwa analalamika bei ya ufuta.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa na jibu zuri la kumpa yule bibi. Natembea kwa sababu mwezi wa tisa, kabla mvua hazijaharibu njia, nataka kwenda kwa miguu kutoka hapa Lindi mpaka kilima cha Tendaguru. Mwaka 1909 mpaka 1913 Wajerumani walichimbua pale mifupa ya mijusi mikubwa ya kale iliyogeuka mawe, na kila kipande kilifika bandarini Lindi juu ya kichwa au bega la mtu. Mwendo wa siku nne, kisha wanarudi kuchukua mzigo mwingine. Zaidi ya tani 200 zilitoka kwa njia hiyo, miaka michache tu baada ya Maji Maji, watu wa kusini bado hawajamaliza kuzika. Mmoja wa mijusi hiyo amesimamishwa katika jumba la makumbusho Berlin, urefu wake kwenda juu ni zaidi ya mita 13. Bibi mzaa mama alikuwa akisema baba yake alibeba "mifupa ya mawe", na sisi wajukuu tulidhani ni hadithi ya kutulaza. Nilikuwa mtu mzima, tayari ni mwalimu, nilipoona picha ya wapagazi wakiwa wamepanga mstari na mizigo yao, nikajua kuwa bibi alikuwa anatupa historia ya nyumbani kwetu. Kwa ajili ya mstari ule natembea na mchele mgongoni. Kwa nini nisiyaseme hayo kwa mtu aliyeuliza kwa nia njema?

Nitampigia Shangazi kesho. Haiwezekani mtu achangiwe ubani halafu asijue.

Jumapili. Naendelea.

Nilimpigia Ijumaa baada ya magharibi. Nilianza kwa kuzunguka, nikamweleza ya wifi na ya mkuu wa shule, akanikatisha: "Sema lililokupigisha simu."

Nikasema. Akanyamaza. Nikadhani salio limekwisha.

"Umeniua Mingoyo?"

"Ndiyo, Shangazi. Nisamehe."

"Huyo bibi katoa shilingi ngapi?"

"Elfu moja."

"Mbaazi kauza?"

"Bado alikuwa anazipepeta."

Akavuta pumzi. "Elfu moja kwa mtu asiyemjua, na mbaazi hajauza." Kisha akauliza, sauti imeshuka, "Hebu rudia. Alisemaje kuhusu kukulea?"

Nikarudia. Na umekuja kwa miguu, basi alikulea huyo.

"Na wewe ukajibuje?"

"Nikasema ndiyo. Alinilea."

"Ukasema hivyo kwa mtu wa njiani."

"Ndiyo."

"Rudia tena."

Nilirudia mara tatu, nimesimama uani gizani, simu inachemka sikioni. Nimekaa kwake miaka kumi na tatu. Nimempelekea vitenge, nimemlipia matibabu ya macho, kila Idi nampigia simu. Maneno yale mawili sikuwahi kumwambia. Siku zote nilimwita Shangazi, na yeye kila mara aliwasahihisha majirani walioniita mwanawe: huyu ni mtoto wa kaka yangu. Ijumaa hakusahihisha kitu. Alisema tu, "Irudishe hela ya watu. Na umpelekee sukari kilo mbili, umwambie imetoka kwangu." Nilipokata simu nilikuwa nalia na moyo ni mwepesi, sijui nilieleze vipi zaidi ya hivyo.

Kwa hiyo jana, Jumamosi ya saba, nilifuata njia ileile. Safari hii nilivaa soksi mbili mbili, nyembamba ndani na nene juu, na mafuta ya mgando kisiginoni, na lengelenge halikurudi. Kanga niliiacha nyumbani, nikavaa kofia ya pama.

Alikuwa palepale. Hakunitambua mpaka nilipopiga magoti na kuitoa noti.

"Bibi, wiki ile nilikudanganya. Shangazi yangu hajafa."

"Hajafa?"

"Hajafa. Yuko Masasi."

"Alhamdulillahi," akasema, na mikono yake yote miwili ikaenda kifuani. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila neno isipokuwa hilo. Akaichukua noti, akaifunga pindoni palepale na kukaza fundo, nami nikashukuru kwamba hakuniambia nibaki nayo. Nikampa sukari.

"Hii imetoka kwake."

"Kasema mwenyewe?"

"Mwenyewe, bibi."

"Kwa sauti nzima?"

"Nzima kabisa."

Akacheka. Akaniletea ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha kwenye sahani ya bati, nikakaa mkekani nikala, ingawa kwa ratiba yangu sikutakiwa kupumzika kabla ya kilomita ya 15. Akauliza, "Sasa siku ile ulikuwa unakwenda wapi?" Nikamweleza yote, Tendaguru, mifupa, siku nne, bandari. Alisikiliza huku anachagua mawe kwenye mbaazi. Nilipomaliza akauliza swali moja tu: "Walikuwa na viatu?"

Nikamwambia, kwenye picha niliyoiona wako pekupeku.

Akaitazama raba yangu kwa muda mrefu. Hakusema kitu, wala mimi sikusema. Tukachagua mbaazi pamoja mpaka jua lilipopita juu ya mwembe, na Mingoyo sikufika.

Nilirudi kwa kupitia shambani kwa kaka. Mikorosho imetoa maua vizuri mwaka huu, lakini ile mistari ya upande wa bondeni ina unga mweupe juu ya maua, na nilipousugua kwa kidole ulibaki kidoleni. Ni ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Kaka yuko hospitali na wifi tangu Jumatatu, salfa ya kupulizia bado hajaipata, na upepo jana ulikuwa unavuma kutoka bondeni kuja kwenye mistari iliyobaki. Nimempigia mara mbili leo, simu haipokelewi.