Mapigo Yapo, Mguu Hauinuki

Wakati huo nilikuwa kuli pale Kibirizi, Kigoma, napakua madumu ya mawese kutoka kwenye boti za Kagunga. Siku hiyo Ziwa Tanganyika lilikuwa limechafuka. Wimbi likaisukuma boti, ikanibana muundi wa kulia kwenye gogo. Nilisimama mwenyewe, nikatembea, tukaona yamekwisha.

Mchana maumivu yakaanza kupanda. Mguu ulijaa, ngozi ikang'aa, nyama za muundi zikawa ngumu kama ubao. Shangazi alitaka kunikanda kwa maji ya moto, mjomba akataka bandeji ikazwe sawasawa. Nilikuwa sigusiki, ndipo wakanipakia bodaboda kwenda hospitali.

Picha ilionyesha mfupa mzima. Mapigo ya damu juu ya mguu yalisikika vizuri. Wengi wangenipa dawa ya maumivu nirudi nyumbani, lakini yule daktari wa zamu, dada mmoja mpole, hakuridhika. Alivuta kidole gumba kuelekea chini, nikapiga yowe. Akagusa katikati ya kidole gumba na cha pili, pale kamba ya ndala inapokaa. Sikusikia kitu.

"Kaka, inua mguu, kisigino kibaki chini."

Haukuinuka.

Akamgeukia mjomba. "Baba, msuli umevuja damu ndani. Misuli hii imezungukwa na utando mgumu usiotanuka. Damu ikikosa pa kwenda inaukandamiza mshipa wa fahamu unaoinua mguu. Mapigo yasitudanganye, yanaweza kuwepo na mshipa unakufa. Tukimwacha hivi kwa saa 6 au zaidi, na msuli wenyewe unaanza kufa."

Mjomba aliuliza kama dawa haitoshi. Haitoshi, akajibiwa, utando lazima upasuliwe usiku huu. Walipasua, wakaondoa damu iliyovilia, wakaacha kidonda wazi hadi uvimbe uliposhuka ndipo wakakishona. Nilipozinduka kidonda kiliniuma, lakini yale maumivu ya kukaba yalikuwa yamekwisha. Mpaka leo namwombea yule dada.

Kupona ndiko kulikochosha. Mshipa wa fahamu huota taratibu mno, kama milimita 1 kwa siku, na kwa miezi kadhaa vidole vilikuwa vinaburuta chini, nikijikwaa hata kwenye sakafu laini. Mtaalamu wa mazoezi alinifunga kifaa cha kushikilia kifundo, akanifundisha kuvuta mguu kwa kipande cha kanga. Siku kidole gumba kilipoinuka chenyewe, shangazi alipiga vigelegele hadi majirani wakaja.

Nguvu imerudi. Ganzi ya katikati ya vidole haijaisha, kwa hiyo nikivaa ndala natazama kwanza kama kamba imekaa mahali pake.