Nilivyompeleka mama Magome na Tsumago na mtembezaji anayeongea Kiswahili

Mama alikuja kunitembelea huku Nagoya, Japani, mwezi wa kumi na moja, wiki mbili, na mi nikajifanya mwenyeji nikamzungusha kote, kasri la mjini, maduka ya chini ya ardhi pale stesheni, akwariamu, yaani mpaka miguu ikavimba. Siku ya nne jioni anakunywa zake chai akanitazama akasema, "Mwanangu, maghorofa hata Kariakoo yapo. Hawa watu zamani walikuwa wanakaa wapi?"

Ikabidi nianze kutafuta vijiji.

Kitu cha kwanza kila mtu anakutajia ni Shirakawa-go, zile nyumba za paa la nyasi lililosimama kama viganja viwili vimeunganishwa, ndo maana wenyewe wanaziita gassho, na paa limechongoka hivyo ili theluji iteleze isilale juu. Ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1995. Mama nikamwonyesha picha kwenye simu akazipenda balaa. Sasa kutoka Nagoya mpaka kule ni karibu masaa matatu kwenda tu, na mama ana goti bovu na hakai kwenye basi muda mrefu. Nikaulizia gari binafsi na mtembezaji wake, Shirakawa-go na mji wa Takayama siku moja, nikapigwa bei ya yeni laki moja na ishirini elfu. Kama milioni mbili za kwetu kwa siku moja! Nikafunga simu kistaarabu.

Hapo nikafanya ujinga na nausema ili mwingine asirudie. Kuna jamaa nilielekezwa, ana gari lake, anatembeza wageni wikiendi, bei nusu. Nikatuma adivansi yeni elfu kumi na tano. Siku moja kabla ya safari kimya, simu haipokelewi, meseji haisomwi, na hela ndo imeenda hivyo. Nilipomlalamikia mwenzangu kazini Mjapani akaniuliza swali moja tu, "Namba ya gari ilikuwa rangi gani?" Kumbe huku gari la kubeba abiria kwa malipo kwa kawaida linakuwa na namba ya kijani yenye maandishi meupe, hili la namba nyeupe ni la mtu binafsi na kulipisha abiria bila kibali ni kosa, wana mpaka jina lake, shirotaku, yaani teksi nyeupe. Likipata ajali na bima ikagoma unabaki na mgonjwa wako barabarani. Kwahiyo elfu kumi na tano yangu nimeihesabu kama ada ya shule.

Kwa upande wa mtembezaji mwenyewe sheria imelegezwa, zamani kutembeza wageni kwa lugha ya kigeni kwa malipo ilikuwa lazima uwe na leseni ya taifa, tangu Januari 2018 mtu yeyote anaruhusiwa, ila lile jina rasmi la mwenye leseni wanalitumia waliofaulu mtihani tu. Wapo pia wa kujitolea ambao hawachaji, wewe unalipia nauli yao, chakula na viingilio. Wazuri sana ila niliowapata mimi wote ni Kiingereza, na mama yangu Kiingereza chake ni "good morning" na "thank you" basi. Ningekuwa mkalimani siku nzima, na Kijapani changu cha kiwandani kinajua kutaja spana, historia hakiijui.

Nikaandika kwenye grupu letu la Watanzania wa huku, kuna anayemjua mtembezaji anayesikia Kiswahili? Nilikuwa natania nusu. Ndani ya saa moja dada mmoja akanitumia namba. Mama wa Kijapani, amestaafu, alikuwa volontia wa JICA, lile shirika la misaada la Japani, enzi hizo akafundisha hesabu Mtwara, sasa anaishi karibu na Nakatsugawa na anatembeza wageni bonde la Kiso. Ukifikiria sio ajabu, hawa mavolontia wanafundishwa Kiswahili kabla hawajaondoka, na pale chuo kikuu cha Osaka kuna watu wanachukua digrii ya Kiswahili kabisa. Wapo wengi tu wametulia majumbani na Kiswahili chao hakina pa kwenda.

Nilipompigia hakuniuliza bajeti. Aliuliza, "Mama anaweza kukaa chini sakafuni na kuinuka mwenyewe?" Halafu, "Anakula nini, hali nini?" Halafu umbali gani anaweza kutembea bila kupumzika. Nilipomjibu akasema Shirakawa-go tuiache, twende Magome na Tsumago, vijiji viwili vya zamani vya bonde la Kiso, na hatutatembea ile njia ya kilomita nane kati yake ambayo watalii wanaikimbilia, tutachukua vipande. Bei yake yeni elfu ishirini na tano kwa siku, gari hakuna, tunatumia treni, basi na teksi kidogo.

Asubuhi tukapanda treni ya Shinano kutoka Nagoya, dakika hamsini hivi uko Nakatsugawa. Mama kabeba chapati na mayai ya kuchemsha kwenye hotipoti maana Japani yote haiamini kwa upande wa nguruwe. Tunatoka getini, yule mama kasimama na kofia na begi lenye njuga ndogo inalia, akainama, halafu akasema kwa lafudhi ya Mtwara kabisa, "Shikamoo mama. Za safari?" Aisee. Mama alibaki mdomo wazi. Akaitikia "Marahaba" kwa kuchelewa, kisha akamshika mikono yote miwili hamwachii, "Mdogo wangu, umekitoa wapi?" Mi kuanzia hapo nikawa mbeba mizigo.

Njuga ni ya dubu, ukitembea porini inalia ili dubu akusikie mapema aondoke. Mama akasema babu yetu kule Lushoto alimfunga hivyohivyo mbuzi wake mkorofi.

Ujanja wa Magome ni huu: basi linakushusha chini na kijiji kizima ni mlima mmoja wa mawe, watu wazima wanapanda wanahema wanafika juu wamechukia. Yeye akatuchukulia teksi kutoka stesheni (namba ya kijani, nilikagua) mpaka juu kabisa penye uwanja wa kuangalia mlima Ena, mita 2,191, kisha tukateremka taratibu na mteremko. Goti la mama halikulalamika hata kidogo. Anatembea anaangalia maji yanapita kwenye mifereji pembeni, gurudumu la maji linazunguka, majani ya miti yamekuwa mekundu, anasema "hapa ni Lushoto tu, wamezidishia usafi."

Njia yenyewe inaitwa Nakasendo, ilitoka Edo ambayo ndo Tokyo ya leo mpaka Kyoto, kilomita 530 hivi kwa kupitia milimani, na vituo 69 vya kulala na kubadilisha farasi. Tsumago ni cha 42, Magome cha 43. Mama akaelewa haraka kuliko mimi, "Kama misafara ya Bagamoyo, walikuwa na kambi zao." Kilichonifurahisha kwa yule mama haongopi ili kukupendeza. Mi nilishaanza kupiga picha nasema nyumba za miaka mia tatu hizi, akanikata, Magome iliungua 1895 ikaungua tena 1915, nyingi ya unazoziona zimejengwa baada ya hapo kwa sura ya zamani. Ukitaka ukale wenyewe subiri Tsumago.

Chakula ndo ningeumbuka peke yangu. Kuna kitu kinaitwa gohei mochi, wali umepondwa ukabandikwa kwenye kijiti unachomwa kwenye makaa na mchuzi wa soya na jozi, harufu yake inakuvuta toka mbali. Mama kashanyoosha mkono, yule mama akamwambia ngoja, akaingia kumuuliza muuzaji, akarudi, kwenye mchuzi kuna pombe ya kupikia kidogo. Angekuwa mtembezaji mwingine tungekula na tusijue. Badala yake akatupeleka kwenye kurikinton, kitamu cha Nakatsugawa cha msimu wa vuli, chestinati zimepondwa na sukari zikakamuliwa kwenye kitambaa kikabaki na mikunjo juu, basi, hakuna kingine ndani. Mama alikula vitatu akashushia na chapati yake. Nyongeza, bebeni keshi, vibanda vingi kadi hawataki.

Basi la kwenda Tsumago yapo machache kwa siku, likikupita umekwisha, ila yeye alikuwa na ratiba kwenye karatasi kaiandika kwa mkono, na saa ya adhuhuri kaipigia hesabu humohumo. Alishaongea na mwenye mgahawa mmoja wa Tsumago, wakampa mama chumba cha nyuma chenye mikeka ile ya tatami na maji ya kutawadha. Mwenye mgahawa aliuliza kibla wapi, akatoa simu yake kusaidia kutafuta.

Tsumago sasa. Unaingia mtaani unahisi kuna kitu kimepungua hujui nini, mama ndo aligundua, "TANESCO wa huku wamepitishia wapi nyaya?" Wamezificha, mtaa mzima hauna nguzo mbele, na mchana magari hayaruhusiwi. Miaka ya sitini watu walikuwa wanahama kijiji kinakufa, wakaanza kukarabati nyumba 1968, na 1971 wakawekeana mkataba wa maneno matatu: hatuuzi, hatupangishi, hatubomoi. Yule mama alivyoyatafsiri mama akasimama katikati ya njia. Akayarudia. Kisha akasema "Waje Lushoto wawafundishe wajomba zako," maana shamba la bibi limeuzwa vipande vipande na kila mtu anadai hajaona hela. Yule mama Mjapani alicheka mpaka akaegemea ukuta, akasema hata kwao wajomba wapo.

Tukamalizia kwenye nyumba moja inaitwa Waki-honjin, ilijengwa 1877 yote kwa mti wa hinoki. Kabla ya hapo raia kukata hinoki msituni ilikuwa marufuku, wanasema mti mmoja kichwa kimoja, ukikata wanakukata. Katikati ya sebule kuna jiko la shimo sakafuni, moto unawaka kweli, moshi unapanda mpaka kwenye boriti na kila kitu juu ni cheusi kinang'aa kama kimepakwa kiwi. Mhudumu anaelezea moshi unafukuza wadudu mbao zisiliwe. Mama akainua mkono katikati ya maelezo. "Mwambie hata sisi." Akaanza kueleza jikoni kwa bibi, mafiga matatu chini, juu dari la fito, mahindi ya mbegu yanawekwa pale yakauke na moshi, dumuzi hagusi, na dari lake lilikuwa jeusi hivihivi. Yule mama anatafsiri, mhudumu anaitikia anatikisa kichwa, akaacha kabisa maelezo yake ya kila siku akaanza kuuliza maswali, je moshi hauharibu ladha, je fito za mti gani. Wageni wengine wamesimama nyuma wanasubiri. Mwanga unaingia kwa mistari kwenye moshi, mama kakaa chini kwenye kijimto (na kweli aliinuka mwenyewe, ila kwa kunishika bega) anafundisha. Sijawahi kumwona mama hivyo toka ashuke ndege, wiki nzima alikuwa mtu wa kuonyeshwa vitu.

Jumla ya siku nzima watu wawili na mtembezaji, nauli, teksi, viingilio na vyakula, haikufika elfu hamsini. Nilijaribu kumwongezea kwenye bahasha akakataa, huku bakshishi hawana desturi hiyo. Mama hakubishana, alimvalisha kanga begani pale pale stesheni ya Nagiso, akaipokea.

Sasa hivi mama yuko Lushoto na wanatumiana voisi WhatsApp wenyewe, mi nimeshatolewa kwenye maongezi. Juzi tu yule mama alinipigia kuuliza yale mahindi ya darini yanapukuchuliwa kabla au yanapandishwa na magunzi yake, kuna mtu wa Tsumago anataka kujua. Nikamwambia sijui, muulize mwenyewe.