Kabla hujalaumu kemba, pima tou ya nyuma

Subaru Forester yangu, ile SG5, niliishusha kimo sentimita 4 mbele na nyuma, na kwa miezi minne nilijua nimepiga kazi safi, mpaka siku moja nipo sheli najaza upepo nikapitisha kiganja upande wa ndani wa tairi la nyuma kushoto, waya umeanza kuchungulia. Tairi mpya jamani! Ukilitazama kwa nje lina meno yote, kwa ndani kipara. Iliniuma sana kwa sababu zile tairi nilizidunduliza.

Kila niliyemuuliza alinijibu kemba. Kemba ni matege ya tairi, yaani limelalia ndani au nje ukilitazama kwa mbele, na ni kweli ukishusha gari juu ya tairi panalalia ndani. Lakini mimi nawaambia kinachomaliza tairi haraka ni tou. Tou ni kama vidole vya mguu wa mtu anavyotembea, vinaangalia ndani au vinaangalia nje. Chukua tairi linaloangalia nje nusu digrii tu, ukililazimisha liende mbele kila kilomita moja linaburuzwa kwa ubavu karibu mita 9, sasa toka Dar mpaka Morogoro hesabu mwenyewe hilo tairi limesuguliwa kiasi gani. Dalili yake unaipata kwa mkono: tairi linaloangalia nje ukilipapasa kutoka ndani kwenda nje ni laini, ukirudisha meno yanakukwaruza kama msumeno.

Kilichoniponza ni sehemu ya kwanza niliyopeleka. Walipima mbele tu, wakanipa karatasi ina kijani kitupu, yaani vipimo vyote sawa, nikalipa nikaondoka. Stelingi ilikuwa imekaa pinda kidogo nikaambiwa gari za kushushwa ndivyo zilivyo. Sio kweli! Siku nyingine jamaa yangu akawa nyuma yangu pale Kimara akanipigia, kaka gari yako inaenda upande kama kaa. Hapo ndio nikatafuta fundi mwenye mashine ya kupima tairi zote nne, tukakuta nyuma kushoto linaangalia nje dakika 35 (digrii moja ina dakika 60), kulia iko sawa. Ikiwa nyuma inasukuma upande, mbele utarekebisha mpaka uchoke. Na Subaru hizi mkono wa nyuma una bolti lake la kurekebishia tou, la mbele kwenye shokapu lina lake la kemba, kwa hiyo kifaa kipo, kinachotakiwa ni mtu wa kukigusa. Langu lilikuwa limeshika kutu, tulilala nalo na mafuta ya kupenyeza mpaka asubuhi ndio likazunguka.

Yule fundi wa pili alinifundisha kitu ambacho natamani kila anayeshusha gari akijue. Bolti za bushi za mikono (zile raba kwenye maungio) hazikazwi gari ikiwa juu ya jeki. Ukikaza tairi zinaning'inia, ukishusha gari bushi inabaki imejisokota muda wote, inachanika mapema, na ikichanika alaimenti yako yote, yaani hizo kemba na tou ulizopanga, imeondoka nayo. Unakaza tairi zikiwa chini, gari imebeba uzito wake. Halafu unaendesha kama kilomita 300 springi zikae, unaangalia viungo vya miguu ya mbele, bol jointi na tai rodi, visiwe vimelegea, unaweka upepo sawa, ndio unaenda kupima, na umkalishe mtu kwenye siti ya dereva kama wewe ndiye unayeendesha peke yako kila siku. Mbele niliacha kemba hasi (juu limelalia ndani) digrii 1 na nusu, tou sifuri, nyuma tou ya ndani kidogo sana. Na hiyo kemba haimalizi tairi!

Kwenye saizi napo watu wanajiumiza. Yangu ilikuja na 215/60R16 (upana milimita 215, ubavu asilimia 60 ya upana, rimu inchi 16), kimo cha tairi zima milimita 664. Nilipoweka rimu 17 nikachukua 215/55R17, kimo 668, karibu sawa. Ukivaa 225/45R17 unapata 634, gari imeshuka tena sentimita 1 na nusu bila kugusa springi na spidi inakudanganya. Na hizi zinavuta tairi zote nne, usichanganye mbili mpya na mbili zilizochakaa, zinazunguka tofauti na difu ya katikati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, ndio inaungua. Soma pia namba nne za mwisho za DOT pembeni ya tairi, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019, usikubali kuuziwa tairi kuukuu kwa rangi nyeusi inayong'aa. Rimu za kununua nje nyingi tundu lake la kati ni milimita 73.1 wakati habu ya Subaru (kitovu rimu inapokaa) ni 56.1, weka ringi za kujazia, mtetemo wangu wa spidi 100 uliisha siku hiyo hiyo.

Jumapili nimetoka Morogoro na tairi mpya zina kilomita 11,000 sasa. Nimezipapasa zote nne, kwenda na kurudi, hazikwaruzi.