Sweetwater, Walikochangiana Kuwarudisha Wenzao Nyumbani

Tulitoka Abilene saa mbili asubuhi. Wifi yangu alikuwa kwenye usukani, mimi nimepakata chupa ya chai na maandazi aliyoyakaanga alfajiri. Abilene ni mji wa magharibi mwa Texas, na mgeni asiyeujua atashangaa kusikia Kiswahili sokoni, maana familia nyingi za Wakongo waliopitia kambi za Kigoma zimepewa makazi huko. Wifi ni mmojawapo. Kwao ni Uvira, akakulia Nyarugusu, akaolewa na kaka yangu, na leo ndiye mweka hazina wa umoja wao. Daftari la michango halitoki kwenye gari lake. Ukikaa kiti cha mbele lazima ulisogeze kwanza.

Safari hii niliiomba mimi. Nilikuwa nimesoma habari za mabinti wawili, Mary Howson na Elizabeth Erickson, wanafunzi wa WASP, kikosi cha wanawake waliorusha ndege za jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, waliokufa katika mji wa Sweetwater, magharibi mwa Abilene, tarehe 16 Aprili 1944 baada ya ndege zao kugongana wakiwa mafunzoni. Habari ile ilinikaa moyoni. Anayekufa vitani hutajwa. Anayekufa akijifunza, kabla hajafika popote, huandikwa mstari mmoja na dunia inaendelea. Nilitaka nikasimame pale walipoangukia, basi.

Barabara kuu namba 20 imenyooka kuelekea magharibi, na ardhi yenyewe ni tambarare yenye nyasi kavu na vichaka vya miiba. Ilinikumbusha Dodoma wakati wa kiangazi. Tulipofika Merkel nilimwomba wifi asimame kituo cha mafuta. Huko kusini mwa mji huu, tarehe 21 Machi 1943, alikufa Cornelia Fort akiwa na miaka 24. Yeye na wenzake walikuwa wanapeleka ndege za mafunzo aina ya BT-13 hadi Dallas, na gurudumu la ndege ya mwenzake likagusa bawa lake. Alikuwa wa kwanza kufa katika kikosi cha wanawake waliosafirisha ndege za jeshi. Asubuhi ya tarehe 7 Desemba 1941 dada huyo huyo alikuwa angani Honolulu, visiwani Hawaii, akimfundisha mwanafunzi, mara ndege ya Kijapani ikawajia moja kwa moja. Alimpokonya mwanafunzi usukani, akapandisha ndege, wakapona. Alinusurika siku Wajapani waliposhambulia bandari ya kijeshi ya Pearl Harbor, akaja kufia kwenye malisho ya ng'ombe ya Texas, mbali na adui yeyote. Tulitazama kusini kwa muda. Wifi akasema, "Mungu amrehemu," tukarudi garini.

Kabla ya Sweetwater mitambo ya upepo huanza kujitokeza, mirefu, meupe, mamia kwa mamia. Upepo wa pale hauna mzaha. Nilipofungua mlango wa gari nusura uning'oe kilemba.

Jumba la makumbusho la marubani hao limewekwa ndani ya banda la ndege la mwaka 1929, pembeni ya uwanja ulioitwa Avenger Field. Mama mmoja mzee anayejitolea alitupokea. Nikamwambia tumekuja kwa ajili ya Howson na Erickson, na uso wake ukabadilika, kama wa mtu aliyetajiwa jamaa yake. Tangu hapo hakutuacha.

Hesabu alizotupa ninazikumbuka kwa sababu wifi aliziandika nyuma ya daftari lake. Wanawake zaidi ya 25,000 waliomba kujiunga na kikosi cha WASP. Walikubaliwa 1,830. Waliofuzu ni 1,074. Waliokufa ni 38, na kati yao 11 walikuwa bado wanafunzi. Kazi yao ilikuwa kurusha ndege za jeshi ndani ya Marekani ili wanaume waende vitani: kuzihamisha kutoka kiwandani, kujaribu zilizotengenezwa upya, kuvuta shabaha angani huku askari wanaojifunza wakizipiga kwa risasi za kweli. Nauli ya kufika Sweetwater kila binti alijilipia. Ovaroli walizopewa zilishonwa kwa ajili ya wanaume, wakawa wanakunja mikono na kukaza mkanda mpaka kitambaa kinajaa mikunjo kiunoni. Iko moja pale ukutani. Wifi alisimama mbele yake akaipima kwa macho, akasema ndani yake wanaingia watu wawili.

Nikamwuliza yule mama ndege zinagonganaje kwenye uwanja wa mafunzo, mahali ambapo kila mtu anajua mwenzake yupo. Hakujibu kwa maneno kwanza. Alinyanyua viganja vyake viwili, kimoja juu ya kingine, vyote vimeelekea upande mmoja. Ndege zinazotaka kutua, alisema, hufuata mzunguko mmoja: unapita sambamba na njia ya kurukia, unakata kona, unakata tena, unashuka. Zote zinakuja sehemu moja, kwa urefu mmoja, zikiwa zimepunguza mwendo. Waliyokuwa wakirusha ni AT-6, injini ya nguvu za farasi 600, pua ndefu mbele na mabawa yaliyokaa chini ya rubani. Aliye juu bawa lake linamficha aliye chini. Aliye chini anatazama mbele, kwenye njia. Halafu akashusha kiganja cha juu taratibu mpaka kikagusa cha chini. Akakiacha hapo.

Howson na Erickson walikutana ndani ya mzunguko ule, wakiwa wanarudi uwanjani. Uwanja wenyewe waliuona.

Kilichofuata ndicho kilichomfanya wifi alifunge daftari. Mabinti hawa hawakuhesabiwa kuwa askari. Kwenye karatasi walikuwa raia walioajiriwa tu. Kwa hiyo aliyekufa hakuzikwa kijeshi, bendera haikustahili kufunika jeneza lake, na gharama za kumrudisha kwao ziliachiwa familia na marafiki. Wenzake waliolala naye chumba kimoja walipitisha mchango, kila mmoja akatoa alichonacho, na mara nyingine rafiki mmoja alipanda treni kuusindikiza mwili hadi kwa wazazi.

"Walichanga?" wifi akaniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini. "Wifi, na hawa walichanga?"

Nikamwambia ndiyo.

Alinyamaza kitambo. Kisha akaniomba nimtafsirie yule mama hivi: kwamba sisi watu wa Kongo na Tanzania tulioko Marekani, mtu wetu akifariki tunafanya vivyo hivyo, na kwamba mwaka jana yeye mwenyewe alizunguka nyumba kwa nyumba siku nane, mpaka jeneza likapata nafasi kwenye ndege. Nilitafsiri. Yule mama alimshika mkono, wakasimama hivyo, hawana lugha moja.

Haki yao ilichelewa mno, na sitaki kulainisha jambo hilo. Kikosi kilivunjwa tarehe 20 Desemba 1944 na mabinti wakajirudia makwao. Ilipofika 1977 ndipo sheria ilipowatambua kuwa maveterani. Medali ya dhahabu ya Bunge la Marekani waliipokea Machi 2010, wazee wa miaka themanini na tisini, wengine kwenye viti vya magurudumu. Wazazi wa wale wawili wa Aprili 1944 walizika watoto wao wakiambiwa hawakuwa wanajeshi.

Upande wa pili, kwenye eneo la chuo cha ufundi, kuna kisima cha duara cha mawe. Mabinti walitupa sarafu humo kabla ya mtihani wa kurusha, na aliyefaulu kurusha peke yake mara ya kwanza alibebwa akatumbukizwa na nguo zake. Karibu yake ipo sanamu ya shaba ya rubani mwanamke. Sikutupa kitu. Niliweka kiganja kwenye jiwe, lilikuwa la moto kwa jua.

Tulipokuwa tunarudi garini tukasikia injini. Ndege ndogo ilikuwa inakuja kutoka kaskazini, ikipita sambamba na uwanja. Ikakata kona, ikakata ya pili, ikaanza kushuka huku upepo ukiitikisa mabawa. Wifi alikuwa ameshaweka ufunguo mlangoni. Hakuuzungusha. Hatukuingia garini mpaka magurudumu yake yalipogusa lami.