Nilivyoshona glavu ya mwanaanga, marinda yakaniokoa

Kila niliyemuuliza alinijibu lilelile: weka mpira mnene, glavu haitavimba. Ushauri huo ulinipotezea wiki tatu.

Nilitoboa pipa dogo la plastiki ngumu, nikabana glavu kwenye tundu ikining'inia ndani, kisha nikaunganisha mashine ya kufyonza vumbi. Hewa ya pipani ikipungua, glavu inajaa kama iko nje ya chombo cha anga. Suti za wanaanga wa Marekani hufanya kazi kwa shinikizo la hewa la kilopaskali 29.6 hivi, mashine yangu haikufika huko, lakini hata hapo mpira mnene ulikakamaa kama gogo. Nilishika bisibisi, vidole vikafika nusu na kurudi vyenyewe. Dakika mbili tu, misuli ya mkono inawaka.

Tatizo si unene. Ukikunja kidole, nafasi ya hewa ndani inapungua, kwa hiyo unashindana na hewa kila ukikunja. Mpira uwe mwembamba, kazi yake kuzuia hewa tu. Nguvu ibebwe na kitambaa cha poliesta kisichovutika, kinachovaliwa juu yake.

Basi nikashona marinda. Upande wa mgongo wa kidole nilikata kitambaa kirefu zaidi, nikakikunja marinda madogo kwenye kila kiungo. Ubavuni, kushoto na kulia, nikapitisha utepe mgumu toka shina hadi ncha ili kidole kisirefuke. (Mwanaanga wa Kisovieti Alexei Leonov alipotoka chomboni mwaka 1965, suti ilivimba hadi vidole vikachomoka kwenye glavu. Usiuruke utepe.) Sasa kidole kikikunjwa, marinda yanafunguka mgongoni, kitambaa cha kiganjani kinajikunyata, na ujazo unabaki karibu uleule. Cherehani haiingii kwenye bomba jembamba hivyo. Nilivika kitambaa kwenye mpini wa ufagio nikashona kwa mkono, sindano iliyopinda, mshono mara mbili.

Kiganja bado kilivimba kama puto, nikakikaza kwa waya mnene uliopinda, umefungwa kwa mkanda hadi mgongoni mwa mkono. Glavu halisi nazo zina kizuizi cha namna hiyo.

Gharama? Haifiki bei ya viatu vizuri. Mmarekani Peter Homer alishinda dola 200,000 kwenye shindano la NASA mwaka 2007 kwa glavu aliyoitengeneza nyumbani, kwa hiyo asikwambie mtu kazi hii ni ya viwanda tu.

Juzi, mashine ikinguruma, niliokota skrubu ndogo sakafuni mwa pipa na kuiingiza kwenye nati. Niliirudia mara tatu. Sasa nimefumua kidole gumba, maana hicho hukunjika pande mbili.