Yamaha AG100 iliyokuwa ikijam: nilivyoitatua

Mwenye pikipiki hizi kuukuu za mipigo miwili, pima sili za krenki (mipira inayozuia hewa isipite kandokando ya shafti ya injini) kabla hujatoa pesa ya kuchonga bloku, yaani kupanua tundu la pistoni.

Hii ya babu ilikuwa imejam kabisa. Pistoni ilichanika mistari upande wa ekzosi, ringi zikakwama. Bloku ikachongwa, ikaingia pistoni ya saizi kubwa. Ikawaka vizuri, lakini ikipata moto inapanda mzunguko yenyewe hata ukiachia mafuta, na plagi inatoka nyeupe pe. Nikaosha kabureta, nikatia jeti (kitundu cha kupitisha petroli) kubwa, nikazidisha oili. Wapi!

Plagi nyeupe hivyo ni hewa imezidi. Inaingilia wapi? Nikavua magineto (gurudumu la sumaku ubavuni mwa injini), nikaziba njia ya kabureta na ya ekzosi kwa mpira wa tyubu, nikajaza upepo kupitia tundu la plagi kwa pampu ya baiskeli, polepole, isipite psi 6, maana ukizidisha utazing'oa sili nzima. Nikapaka maji ya sabuni kila kiungo. Povu likafura nyuma ya magineto, kwenye sili ya krenki.

Sili mpya peke yake isingetosha. Nilipopitisha ukucha kwenye shafti ulikwama: mdomo wa sili ya zamani ulishachimba mfereji. Basi nikaikalisha mpya nje kidogo, kama milimita 1, mdomo ukapata chuma kizima. Nikapampu tena, povu hakuna.

Nimeipeleka Mambrui na kurudi Malindi jua la saa nane. Silensa (mzunguko wa injini ukiachia mafuta) imetulia, plagi kahawia. Alhamdulillahi.